Nguo za Diriye za Kuingilia Mtoni

Ukitumbukia mtoni sasa hivi, na nguo hizo ulizovaa, utatoka? Usijibu haraka. Tazama kwanza mikono ya shati lako, tazama viatu, pima uzito wa kitambaa. Diriye Shirwa wa mji mdogo wa Balambala aliishi miaka arobaini na mitatu bila kujiuliza swali hilo, wala hakuwa na sababu ya kujiuliza. Kwake nguo ilikuwa na kazi mbili: kumsitiri na kumkinga na jua. Na mto wa Tana aliuona kama kila mfugaji anavyouona, yaani mahali pa kunywesha wanyama upesi na kuondoka kabla mamba hajachagua wake.

Halafu mvua zikakataa msimu mmoja, wa pili, wa tatu, hadi watu wakaacha kuhesabu. Kundi la mbuzi lililokuwa likijaza bonde asubuhi likawa mbuzi saba wanaojibana kwenye kivuli kimoja. Diriye akaenda Nairobi akawa soja wa lango. Alikaa miezi minne akarudi na mfuko uleule alioondoka nao.

"Nimelinda mlango wa mtu ambaye hajui hata jina langu," alimwambia mkewe Shamso. "Nikilala njaa, nilale kwangu."

Kwa hiyo shirika moja lilipoleta Balambala kayaki nane za kuvulia samaki, mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja mmoja, nyekundu kama pilipili, Diriye alikuwa miongoni mwa wanaume nane wa kwanza kuandikisha majina. Wazee wengine walicheka. Msomali mwenye kundi hali samaki, sembuse kumfuata majini! Diriye alijibu kwamba yeye kundi hana, kwa hiyo dhihaka hiyo imwendee mwenye nalo.

Mwalimu wao alikuwa Daud, Mmunyoyaya, mtu wa jamii ya mtoni, mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyezaliwa ukingoni mwa Tana na kuvua tangu utotoni. Jumatatu aliwakusanya akawaambia maneno machache.

"Alhamisi asubuhi kila mtu aje amevaa nguo salama. Nitampindua mmoja mmoja majini, apande tena mwenyewe. Nguo zikimshinda, kayaki yake anapewa mwingine. Orodha ya wanaongoja ni ndefu."

Akawagawia vijitabu vya shirika, akaondoka kwenda Garissa kuchukua jaketi za kuelea. Hakurudi hadi Jumatano jioni, na siku hizo ndizo Diriye alizomhitaji zaidi. Alikuwa hajui kuogelea. Kama angekosa kayaki ile, njia iliyobaki ni moja, kurudi kwenye lango la Nairobi.

Shamso aliacha shule akiwa darasa la saba, lakini Kiingereza alichotoka nacho hakukiacha kiote kutu. Jumanne mchana alikaa mkekani na kijitabu mapajani, mumewe amechuchumaa mbele yake kama mshtakiwa.

"Kinasema uvae kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa."

"Maana yake nini?"

"Kwamba hewa inaweza kuwa na joto na maji yakawa baridi, na maji baridi yanaua mtu upesi. Kwa hiyo uvae nguo nzito isiyopitisha maji."

Diriye alitazama nje. Mbuzi walikuwa wamebanana nyuma ya choo wakigombea kivuli cha shubiri tatu. "Maji gani hayo? Tana saa hizi ni kama chai iliyosahauliwa mezani."

"Mimi nasoma tu. Tazama picha."

Katika picha Mzungu mmoja alikuwa amefungwa mpira kuanzia vidole vya miguu hadi kooni. Nyuma yake kulikuwa na mlima mweupe.

"Ile nyeupe ni chumvi?"

"Barafu."

"Subhanallah! Huyu anavua samaki ndani ya friji."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Diriye kiliisha kwanza. Kijitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya watu ambao maziwa yao huganda. Kuna mtu aliyekaa ofisini penye feni, akabadilisha jalada, akabandika nembo, akakituma mahali ambapo kuku hutaga kivulini na yai likaiva nusu. Hakujiuliza hata mara moja ni nani atakayekisoma, na ni kwa maisha ya nani. Diriye hakuyajua hayo. Alidhani kosa ni lake, kwamba watu waliosoma wanajua kitu kuhusu maji ambacho yeye hajakijua.

"Endelea," alisema.

"Usivae pamba. Pamba ikilowa inashika maji na kuwa nzito."

Diriye akajikagua. Kikoi chake kilikuwa cha pamba. Shati, pamba. Fulana, pamba. "Basi niende uchi?"

"Astaghfirullah. Hapo hakijafika." Shamso akafunua ukurasa wa mwisho. "Kinamalizia kwamba jambo kubwa ni kubaki mkavu."

"Mkavu? Ndani ya mto?"

"Ndivyo kinavyosema."

"Shamso, mtu anapinduliwa majini, halafu anatoka mkavu?"

"Baba Leyla, usinikazie macho. Sikukiandika mimi."

Siku nzima neno hilo lilimzunguka kichwani kama nzi. Aende majini, na abaki mkavu. Avae nzito kwa sababu ya baridi, kwenye joto linalopasua midomo. Asivae pamba, na kila alichokuwa nacho ni pamba. Tena ahakikishe sehemu ya kitovu hadi magoti imefunikwa, kwa sababu hilo halikuwa la kijitabu wala la shirika, hilo ni la Mwenyezi Mungu.

Jumatano asubuhi alikwenda sokoni kwa Sahra, mwanamke aliyekuwa akileta mitumba kutoka Garissa na kuimwaga juu ya turubai kila wiki.

"Karibu, walaal, ndugu yangu," Sahra alimwita. "Leo unamtafutia Shamso dera?"

"Natafuta nguo ya mtoni."

"Ya kuogea?"

"Ya kuangukia."

Sahra aliweka kikombe chini. "Ya kuangukia! Wallahi, nimeuza nguo za harusi, nimeuza za kwenda mahakamani, nimeuza mpaka ya mtu aliyekuwa anatoroka mke. Ya kuangukia ndiyo leo."

Alipindua rundo zima, na kutoka chini kabisa akavuta kitu kizito cha kijani kibichi. Ilikuwa suruali ya mpira mtupu, imeungana na buti zake, inapanda hadi kifuani na kushikwa mabegani kwa mikanda miwili. Diriye alishtuka. Ilikuwa nguo ya yule mtu wa kwenye picha, au ndugu yake wa karibu.

"Nimekaa nayo tangu Ramadhani," alisema Sahra. "Kila mtu anaishika, anacheka, anairudisha. Sikujua ni ya nini. Kumbe ilikuwa inakungoja."

"Haipitishi maji?"

"Tia mkono ndani uone. Hata jasho lako halitatoka."

Bei yake ilikuwa nje ya uwezo wake, kwa hiyo walikubaliana kwa beberu mdogo, mmoja kati ya wale saba. Diriye alirudi nyumbani na mpira ule begani, na njiani akakutana na Abdow, Mmunyoyaya mwenye shamba la ndizi ukingoni, anayeutumia mtumbwi wake wa mti kama wengine wanavyoitumia baiskeli. Abdow alikuwa amevaa kaptura iliyopauka na hakuna kingine. Alizigusa zile buti kwa kidole.

"Hii unamvalisha nani, ngamia?"

"Ni yangu. Ya kuvulia."

"Mimi nguo yangu ya mtoni ni hii hapa. Nikianguka, hakuna cha kunishika."

"Na magoti yako hadharani?"

"Samaki wameyazoea," alisema Abdow, akaenda zake.

Diriye alibaki amesimama juani. Kila aliyemuuliza alikuwa na uhakika, na hakuna wawili waliokubaliana. Kijitabu kinasema avae mpira hadi kooni. Abdow, aliyezeeka mtoni na bado yu hai, anasema avae kaptura tu. Angekuwa amesikia neno moja tu kutoka kwa mmoja kati yao, angelala vizuri. Ni kuyasikia yote kulikomchanganya.

Akaamua kufanya jambo analolijua. Mfugaji akinunua jerikeni mpya haamini maneno ya mwenye duka. Huijaza maji, huitundika juu ya mchanga mkavu, kisha hungoja. Mchanga ukipata hata alama ya tone moja, jerikeni hurudi dukani. Diriye alikuwa amezipima jerikeni hivyo tangu ana miaka saba, na kabla yake baba yake alipima vivyo hivyo ndoo za ngozi za kuchotea kisimani. Katika nchi ambayo kisima kiko mwendo wa siku mbili, chombo kinachovuja ni kaburi.

Aliifunga ile suruali kwenye tawi nene la mti wa mathenge nyuma ya nyumba, akatandaza mchanga chini yake, akaanza kumimina. Jerikeni ya kwanza ilimezwa na mguu wa kulia. Ya pili ikaingia mguu wa kushoto. Ya tatu na ya nne zikajaza kiuno, na tawi likaanza kulia. Shamso alitokea mlangoni akiwa na kijiko mkononi.

"Warya, wewe! Hayo ni maji niliyoyabeba alfajiri kutoka mtoni!"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Mpira ulikuwa umevimba, umening'inia kama mtu mnene asiye na kichwa. Walikaa wakiutazama hadi adhana ya alasiri. Diriye alipotoka kuswali alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti, akapapasa mchanga. Ulikuwa mkavu kabisa.

"Mashallah!" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akahisi kifua kimefunguka. "Hata tone! Kijitabu kinataka mtu abaki mkavu, basi nitabaki mkavu kama mchanga huu."

Shamso alikuwa ameegemea mti. Aliunyooshea mpira ule kijiko chake. "Na ukiwa wewe ndiye uliye ndani, na maji yakaingilia huku juu kifuani kama ulivyoyamimina, yatatokea wapi?"

Diriye alipiga magoti tena. Aliutazama mchanga mkavu. Dakika moja nyuma ukavu ule ulikuwa habari njema. Mchanga haukuwa umebadilika, lakini sasa alishindwa kuusoma.

"Hayataingia," alisema.

"Haya," alisema Shamso, akarudi jikoni, akamwacha na swali lake limetundikwa mtini.

Alikuwa bado anazunguka ule mti alipofika Abdiwahid, jirani yake na mwenzake katika orodha ya wanane. Abdiwahid alikuwa mrefu kuliko milango yote ya Balambala, ndevu zake amezitia hina, na ulimi wake haukuwahi kupumzika. Chini ya kwapa alikuwa na furushi.

"Adeer, mzee wangu, niletee msiba wako nikuonyeshe wangu," alisema, akalifungua. Kulikuwa na jezi ya mpira wa miguu yenye mikono mirefu, namba saba mgongoni, na suruali ya traki nyembamba inayobana kwenye vifundo. "Za mwanangu wa sekondari. Mke wangu amezilowesha na kuzianika, anasema zimekauka kabla hajamaliza kufua soksi. Anasema nivae hizi. Mimi! Na ndevu hizi, namba saba! Watoto watanifuata mpaka mtoni wakiniomba pasi."

Kisha akauona mpira. Aliuzunguka, akaupiga kofi kama mtu anayekagua kiwele cha ngamia, akainama kupapasa mchanga.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri."

"Na hakuna tone?"

"Hakuna."

"Wallahi hii ni nguo ya mwanamume! Inasitiri, ina heshima, haivuji. Diriye, tubadilishane. Wewe ni mwembamba, jezi itakukaa. Nakuongezea na kofia."

Hapo ndipo Diriye angesema. Maneno ya Shamso yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini alifikiri, nani anajua? Huenda mpira ndio sahihi na jezi ndiyo ya kumwua. Huenda Shamso ameuliza tu kama wanawake wanavyouliza. Atasemaje jambo asilolielewa mwenyewe? Walimwaga maji, wakaikausha suruali ile kwa tambara, na Abdiwahid akaondoka nayo akipiga mluzi. Diriye akabaki na namba saba mikononi. Hakujua kama amejiokoa au amejitia kitanzi, na hakujua amempa rafiki yake nini.

Asubuhi iliyofuata jua lilipochomoza wanaume wanane walikuwa kwenye kona ya mto ambapo maji ya ukingoni ni ya kifua, ya mbele yanapita kimo cha mtu, na mkondo si mkali. Wawili walisimama upande wa juu wakiwa na fito ndefu mikononi, wakiangalia mamba. Diriye alikuwa amevaa jezi na traki, na kwa kuwa traki ilimfanya ajione kama yuko uchi, akafunga kikoi juu yake. Daud alisoma orodha.

"Abdiwahid."

Abdiwahid alitoka mbele, mpira umemfika kifuani, jaketi la kuelea limebana juu yake. "Nitazameni vizuri," alisema. "Yule wa kwenye kijitabu ni mimi. Barafu tu ndiyo haijafika."

Daud hakucheka. "Hii umeitoa wapi?"

"Imepimwa, mwalimu. Haivuji."

"Najua haivuji," alisema Daud taratibu. Alichukua kamba akamfungia kwenye jaketi, akamrushia Diriye ncha ya pili. "Shika hii. Heri alione kosa lake hapa kuliko katikati ya mto."

Abdiwahid alikaa kwenye kayaki. Daud, maji yakimfika kifuani, alishika ubavu wake akaupindua upande wa kina.

Mwanzo ilikuwa kichekesho. Miguu miwili ya kijani ilielea juu kama bata wawili, na kichwa hakikuonekana. Watu wakacheka. Kisha kichwa kikatoka, kinywa wazi, na miguu ikaanza kushuka. Abdiwahid aliishika kayaki, akajivuta, akafika nusu, akarudi. Akajivuta tena, akafika pungufu ya pale. Jaketi lilikuwa likimwinua na kitu kingine kikimvuta chini, na kila alipopigana nacho maji yaliingia zaidi kifuani. Mara ya tatu maji yalimfunika pua.

"Vuta!" Daud alipiga kelele.

Diriye alivuta, na papo hapo mikono yake ikatambua. Alikuwa amevuta uzito kama ule maisha yake yote, kutoka visima vyenye kina cha watu kumi. Haukuwa uzito wa mtu. Ulikuwa uzito wa maji ndani ya chombo kizuri. Wengine walishika kamba nyuma yake, wakavuta kwa mpigo mmoja kama kisimani, hadi Abdiwahid akaburutwa mchangani, akikohoa, amelala kifudifudi, asiweze hata kukunja goti. Daud alimfungua mikanda mabegani. Wakamtoa ndani ya mpira kama anavyotolewa ndama, na maji yakamwagika mpaka yakaifikia miguu ya waliosimama mbali.

Hakuna aliyecheka. Daud alimkalisha, akamsikiliza pumzi, kisha akachukua karatasi yake na kalamu. "Anapumua, alhamdulillahi. Lakini kayaki hii anapewa anayefuata."

"Ngoja," alisema Diriye.

Watu wote wakamgeukia.

"Ile suruali ni yangu. Niliinunua mimi, nikampa mimi. Jana Shamso aliniuliza maji yakiingia yatatokea wapi, nikashindwa kujibu, na huyu nikamnyamazia. Kama kuna mtu wa kufutwa, ni mimi. Nitampa nguo hizi, mwache ajaribu tena."

"Na wewe utavaa nini?" Daud aliuliza. "Zamu yako inafuata."

"Hizihizi. Akitoka."

"Na asipotoka?"

Hakuna aliyewahi kuzipima zile nguo, hata kwenye mchanga. Daud akaingiza kalamu mfukoni.

Diriye aliingiza mikono chini ya kikoi, akavua traki kama mwanamume wa kule anavyojua kuvua, bila kuonyesha hata goti, kisha akavua jezi. Abdiwahid alijifunika shuka la mtu, akazivaa. Mikono ilimwishia kwenye viwiko na suruali chini kidogo ya magoti. Alifungwa jaketi upya. Alikaa kwenye kayaki, akasema bismillah, na Daud akapindua.

Maji yalijifunga juu yake. Diriye alishika kamba bila kuivuta, akihesabu moyoni, akifika tatu na kurudi moja. Kisha Abdiwahid akachomoza ubavuni, maji yakimtiririka kutoka mikono na shingo ya jezi, akashika ukingo wa kayaki. Alipiga miguu. Akakosa. Alipiga tena, tumbo likapanda juu ya plastiki, akalala pale kidogo kama samaki, kisha akazungusha mguu mmoja, halafu wa pili, akaketi wima katikati ya kayaki yake, mikono hewani.

"Nani anataka pasi?" alipaza sauti, na ukingo wote ukalipuka.

Daud alitoa kalamu, akaweka tiki kwenye jina la Abdiwahid. Abdiwahid alirudi ukingoni, akashuka, akafungua jaketi, akavuka maji mbio, huku akiivua jezi kichwani, na kabla hajafika nchi kavu aliirusha. Ilipiga kifua cha Diriye kwa kishindo, ikichuruzika.

"Diriye Shirwa," Daud aliita.